Namba Tisa na Stoo ya Viti Vibovu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza daftari. Nimepewa na Katibu wa baraza la mji. Mistari yake ilipigwa upande huko kiwandani, inapanda kama ngazi, na Katibu hawezi kuandika juu ya mstari uliopinda. Alikuwa analipeleka kwenye pipa la taka. Nikamwambia, "Nipe mimi, Katibu, mwandiko wangu nao unapanda." Hakucheka. Kumchekesha huyu mtu ni kama kumng'oa jino. Ofisini tunamwita Nukta, maana barua ikikosa nukta anairudisha.

Nilisoma mpaka darasa la saba, nikaishia hapo. Lakini kuandika napenda. Kazi yangu ni kufagia ofisi za baraza, na siku za kikao kuwapikia wajumbe chai. Nina mume, fundi baiskeli. Nina mama mkwe, tunakaa naye, na mdomo wake anakaa nao yeye mwenyewe. Na nina binti wa miezi saba. Tunamwita Kidonge kwa sababu alizaliwa mdogo wa kumezwa kwa maji. Jina la cheti analo, litamngoja akue.

Kidonge amelala. Nimejaza ukurasa mzima. Sikujua nina maneno mengi hivi.

Alhamisi, 7 Machi

Leo ilikuwa siku ya kupima watoto. Kliniki iko uwanja mmoja na ofisi yetu, lakini ni chumba kimoja tu, na kibaraza cha kuenea watu wanane, tena wembamba. Leo tulikuja akina mama thelathini na wanne. Waliobaki tulisimama mvuani, watoto vifuani, migongo yetu ndiyo paa. Muuguzi anaita jina, tunasogea hatua moja. Mpaka nafika mizani, Kidonge alikuwa ameloa mpaka soksi.

Hatua arobaini kutoka hapo iko stoo ya baraza. Ina bati zima, madirisha mawili na sakafu ya saruji. Ndani kuna viti vibovu arobaini na moja. Kila mtu anajua, kwa sababu kila mwaka imeandikwa hivyo kwenye orodha ya mali.

Nikamwambia Muuguzi, "Yaani viti vinakaa pakavu, watoto wetu wanaloa."

Akasema, "Usiniambie mimi, Mama Kidonge. Mimi na wewe tunaloa pamoja. Waandikie wenye stoo."

Jumatatu, 11 Machi

Nimeandika barua ya maombi. Tunaomba stoo ifunguliwe kila Alhamisi, akina mama wasubiri humo na watoto wao. Wenzangu ishirini na saba wametia sahihi, wanne wametia dole gumba. Mimi ndiye wa kwanza kwenye orodha, kwa hiyo kama kuna wa kulaumiwa anajulikana.

Katibu ameirudisha mara mbili. Mara ya kwanza haikuwa na tarehe. Mara ya pili haikuwa na kichwa cha habari. Mara ya tatu akaisoma yote, kidole kikitembea chini ya maneno, akagonga muhuri.

"Itasomwa Alhamisi hii. Maombi ya wananchi huwa mwisho wa ajenda. Namba tisa."

"Mwisho kabisa?"

"Kanuni."

Nimerudi nyumbani nikiimba. Mume wangu ameniuliza kama nimechaguliwa mjumbe.

Jumanne, 12 Machi

Kidonge anakohoa.

Alhamisi, 14 Machi

Kikao cha kwanza cha msimu. Jiko langu la chai limeshikana na ukumbi, kuna kidirisha kati yetu cha kupitishia vikombe, kwa hiyo kila neno nalisikia. Wajumbe ni kumi na mmoja. Wanakaa kwenye mabenchi ya kuazima shuleni, yale ya watoto, magoti yao yako karibu na masikio. Benchi moja linayumba. Anayechelewa ndiye linayemngoja.

Namba mbili, kumbukumbu za kikao kilichopita, ilikula nusu saa. Mwalimu Mstaafu, ambaye hajastaafu kusahihisha, alitaka palipoandikwa kwamba alisema pawekwe kwamba alisisitiza. Namba tatu, mambo yanayotokana na kumbukumbu hizo. Namba nne, taka. Namba tano, geti la soko lifungukie ndani au nje. Namba sita, ile taa ya barabarani inayowaka mchana na kulala usiku. Mama Cherehani, mjumbe wa mtaa wetu, alisema, "Ile taa imeajiriwa serikalini." Walicheka mpaka Mwenyekiti akagonga meza.

Namba sita ikiisha ndipo chai huingia. Ndivyo nilivyokuta, ndivyo alivyofanya kila aliyepika kabla yangu. Nikapitisha vikombe na mkate. Wakanywa, wakapiga soga. Mmoja akatazama wingu, akasema akimbie kabla halijafunguka. Mwingine ana mgonjwa. Mwingine akatoka kupokea simu, na simu ikaondoka naye.

Namba saba ikasomwa. Namba nane ikaanza. Katibu akasimama, akahesabu kwa ncha ya penseli: watano. Akidi ni sita.

"Kikao hakina akidi. Mambo yaliyobaki yanaahirishwa."

Yaliyobaki ndiyo mimi. Nimeosha vikombe kwa nguvu mpaka kimoja kikatoka sikio.

Ijumaa, 15 Machi

Katibu amenisomea kanuni bila kuombwa. Jambo likiahirishwa mara tatu linafutwa, na haliletwi tena mpaka mwaka mzima upite. "Limeahirishwa mara moja," akasema, kama vile mimi sijui kuhesabu.

Namchukia kidogo. Mungu anisamehe, mtu mwenyewe ndiye aliyenipa daftari.

Alhamisi, 21 Machi

Nimempeleka Kidonge kliniki mwenyewe leo, baada ya kufagia. Mizani inasema kilo sita na robo. Wiki mbili zilizopita zilikuwa sita na nusu. Muuguzi alichora nukta kwenye kadi, akaunganisha, na mstari ukashuka.

"Ni hiki kikohozi," akasema. "Hali vizuri kwa sababu hapumui vizuri. Mlete kila Alhamisi nimsikilize kifua na kumpima. Lakini mvua asinyeshewe tena."

"Sasa nimlete vipi, Dada, nimpitishe chini kwa chini?"

Akacheka, kisha akaacha kucheka, akamkamua Kidonge nguo, maji yakachuruzika sakafuni.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua tangu alfajiri. Leo Kidonge ameenda kliniki na bibi yake. Mama mkwe amefufua mwavuli wa marehemu mume wake, mkubwa kama kibanda cha mlinzi. Kutoka ofisini niliuona umesimama kwenye foleni, na chini yake miguu kama ya jongoo. Alikuwa ameingiza wenzake watano na watoto wao. Walioingia pembeni walipokea maji ya kingo, wakaloa kuliko wasio na mwavuli.

"Nilifanya wema," amesema alipofika nyumbani, "sikusema nilifanya hesabu."

Kilo sita na robo. Hajashuka. Hajapanda.

Jumatatu, 1 Aprili

Jua saa tatu nzima. Nimeanika kila kitu, pamoja na daftari.

Alhamisi, 4 Aprili

Kikao cha pili.

Leo sikuosha kitu wakati wanaongea. Nilikaa kwenye kigoda karibu na kidirisha nikasikiliza kama mwanafunzi. Kumbukumbu. Taka. Geti la soko, ambalo sasa kuna wanaotaka liondolewe kabisa. Taa. Wote kumi na mmoja wapo. Wanabishana, wanataniana, hakuna anayetazama saa. Kisha Mwenyekiti akasema, "Namba sita tumefunga," na nikaona jambo ambalo nimelitazama mara nyingi bila kuliona. Shingo kumi na moja zikageuka kwenye kidirisha changu.

Nikapitisha chai. Walikunywa. Na kila mmoja alipoweka kikombe chini, uso wake ulikuwa umeshafika nyumbani.

Hawakimbii mvua. Hawana wagonjwa. Kwao chai ndiyo kufunga kikao. Zinazobaki ni karatasi.

Namba nane walikuwa wanne. Katibu alihesabu mara mbili, kana kwamba penseli inaweza kuzaa mtu. Nilimtazama usoni kwa mara ya kwanza vizuri. Hakuwa mtu aliyeshinda. Alikuwa kama mtu aliyekosa gari.

"Yanaahirishwa," akasema, na alisema polepole.

Ijumaa, 5 Aprili

Ni chai. Na chai ni yangu.

Jumapili, 7 Aprili

Nimewaambia nyumbani. Mume wangu alikuwa ameshika gurudumu, akaacha kulizungusha.

"Kwa hiyo unataka kuwanyima chai wakubwa wa mji?"

"Siwanyimi. Naichelewesha."

"Wakikufukuza kazi?"

"Tutakula baiskeli," akadakia mama mkwe. "Mwanangu, wewe nyamaza. Mimi nimeolewa kwenye ukoo huu miaka thelathini na mitano, nimepokea wageni kuliko nywele zako. Mgeni ukitaka akusikilize, ongea naye kabla sahani haijafika. Akishashiba atakuitikia ndiyo, ndiyo, huku anatafuta viatu."

"Lakini si ni udanganyifu, Mama?" nikauliza.

Akafikiri. Akamhamisha Kidonge bega la kushoto. "Ukisema haijaiva na imeiva, ni uongo. Ukiulizwa ukasema kweli, si uongo. Sasa kama una moyo wa kusema kweli mbele ya watu kumi na mmoja, hilo mimi sikusaidii."

Mimi moyo huo sina. Nimejitafuta kote.

Alhamisi, 11 Aprili

Kilo sita na robo. Amekohoa kwenye mizani mpaka mshale ukatetemeka.

Jumanne, 16 Aprili

Siwezi kufanya jambo kwa siri kwenye ofisi ya watu. Asubuhi, baada ya kufagia, nilisimama mbele ya meza ya Katibu nikiwa na ufagio mkononi, nikamweleza yote. Chai, shingo kumi na moja, namba tisa, kifua cha mtoto. Nilipomaliza nilijua nimejifukuza kazi kwa mdomo wangu.

Hakuinua macho. Akafungua kitabu cha kanuni, akalamba kidole, akatafuta.

"Kanuni ya kumi na nane," akasema. "Wajumbe watapewa chai wakati wa kikao." Akafunga kitabu. "Haisemi saa ngapi."

Nikabaki nimesimama.

"Kuna kingine, Mama Chai?"

"Hapana, Katibu. Nilidhani wewe ndiye unayetuweka mwisho."

Ndipo akavuta droo ya chini. Alitoa faili la kijani, nene kama tofali, lenye karatasi zimenyooka kama zimepigwa pasi. Maombi ya wananchi. Kivuko cha watoto wa shule. Bomba la mtaa wa juu. Choo cha wasafiri. Kila moja limegongwa muhuri mara tatu: limeahirishwa, limeahirishwa, limefutwa.

"Nina miaka tisa hapa," akasema. "Sijawahi kusoma namba tisa kwa sauti. Kubadilisha mpangilio kunahitaji hoja, na hoja ya kubadilisha mpangilio inaingia kama ombi." Akanitazama. "Unajua ombi linawekwa namba ngapi."

Nilicheka, nikashindwa kujizuia. Na yeye, nasema nilichoona, mdomo wake upande mmoja ulinyanyuka. Kisha akaniambia pale nyuma ya kabati nimeacha vumbi.

Jumatano, 24 Aprili

Kesho. Mama mkwe ameninyooshea gauni la buluu. Nimemwambia mpika chai haonekani. Amesema, "Kesho ataonekana."

Alhamisi, 25 Aprili

Naandika mchana huu huu, kabla sijasahau hata neno.

Asubuhi wingu lilikaa juu ya mji kama sufuria. Kliniki ilikuwa na foleni tangu saa mbili, na mwavuli wa baba mkwe umesimama katikati yake, Kidonge ndani. Wajumbe walikuja wote. Nilipika chai mapema, nikajaza chupa mbili kubwa, nikakata mkate, nikafunga kidirisha kwa komeo. Kisha nikakaa juu ya mikono yangu.

Namba sita ikafungwa. Nikasikia benchi linayumba.

"Namba saba," akasema Katibu. "Barua zilizopokelewa."

"Tusubiri chai, Katibu," akasema mmoja.

"Namba saba," akasema tena, akasoma. Hakuna aliyesikiliza. Walikuwa wananusa. Chai ilikuwa na tangawizi, na harufu haijui komeo.

Mwenyekiti akapaza sauti. "Mama Chai, vipi huko, umelala?"

Nikatoka kwa mlango wa jikoni, mikono mitupu. Sijawahi kusimama mbele ya ukumbi ule bila sinia. Nilitaka kusema bado dakika tano, neno lilikuwa kwenye ulimi kabisa. Kupitia dirishani nikaona mwavuli.

"Chai iko tayari, Mwenyekiti," nikasema. "Inasubiri namba tisa."

Nje, bati la kliniki likaanza kudondokewa na matone.

Mwalimu Mstaafu akasimama. "Utaratibu, Mwenyekiti. Asiye mjumbe ameongea kikaoni."

Mwenyekiti alinitazama, akamtazama Mwalimu. "Ameongea habari za chai, Mwalimu. Chai haiko kwenye ajenda. Hajavunja kitu."

"Kwani hiyo namba tisa ni nini?" akauliza Mama Cherehani. "Mimi ni mwaka wa sita hapa, sijawahi kukutana nayo uso kwa uso."

Wakacheka. Mwenyekiti akasema basi twende haraka tuione. Namba nane, kengele ya ofisi, ilikatwa kwa dakika tatu: kengele ibaki. Kisha Katibu akasimama wima, akashika barua yangu kwa mikono miwili, akaisoma. Maneno yangu yale ya darasa la saba, kwa sauti ile kavu. Hakuruka hata dole gumba. Alipofika mahali nilipoandika kwamba viti havikohoi, alisoma mstari huo mara mbili, akaendelea.

Nilidhani imekwisha. Mwalimu Mstaafu akasimama tena.

"Sipingi ombi. Lakini ndani mna viti arobaini na moja vyenye namba za baraza. Mali ya baraza haihamishwi kwa kusikia. Inahamishwa kwa kuona. Baraza zima lione. Napendekeza tupange tarehe ya ukaguzi."

Kupanga tarehe ni kuahirisha. Mara ya tatu. Nilimtazama Katibu, naye alikuwa anatazama muhuri wake. Nadhani nilitoa sauti, kwa sababu Mama Cherehani aligeuka.

"Stoo iko wapi, Mwalimu?" akauliza.

"Unaijua ilipo."

"Naijua. Iko hatua arobaini. Wewe unapanga tarehe kama tunakwenda mwezini."

Mwenyekiti alikuwa anajinyoosha mgongo, amechoshwa na benchi. "Kikao kinahamia stoo," akasema. "Katibu, funguo. Mama Chai, nawe njoo, usije ukainywa peke yako."

Tukatoka watu kumi na watatu na miavuli miwili. Mvua ilitusubiri tufike katikati ya uwanja, ikafunguka. Wakubwa wa mji wakakimbia wameshika suruali. Tukapita mbele ya foleni, na akina mama hawakukimbia popote, maana hawana pa kukimbilia. Niliona Mwenyekiti akipunguza mwendo, akiwatazama.

Katibu akafungua. Na kweli, mlangoni viti vibovu, miguu juu, kimoja hakina mgongo, kingine hakina makalio. Mwenyekiti akasema, "Haya. Tumeona. Vibovu. Andika."

"Sijaona," akasema Mwalimu Mstaafu. "Orodha inasema arobaini na moja. Hapa nahesabu saba."

"Mwalimu, vingine viko nyuma yake."

"Ndiyo maana nikasema kuona."

Akavua koti, akanishikisha. Mzee yule akapanda juu ya vile viti kama mbuzi kwenye mawe, akapotea kwenye giza. Tukasikia vinaburutwa. Tukasikia chafya. Kisha Mwenyekiti akamwita.

"Hiki hakijavunjika," ikasema sauti. Kiti kikatokea, cha mbao nyekundu, kina mto. "Na hiki. Na hiki pia. Jamani, hivi ni vizima."

Thelathini na nne. Vizima kabisa, vumbi tu. Katibu alifumba macho, akakumbuka faili lililomtangulia: miaka kumi na moja nyuma sakafu ya ukumbi ilipakwa rangi, viti vikahamishiwa stoo kwa siku mbili. Saba vibovu viliingizwa mwisho, vikabaki mlangoni. Aliyefungua kuvirudisha akaona vibovu, akafunga, akaandika. Na kila mwaka aliyefuata alifungua, akaona, akafunga, akaandika.

Mwenyekiti aliketi kwenye kimoja, taratibu. Akaegemea. "Miaka kumi na moja," akasema, "mgongo wangu uko kwenye benchi la darasa la pili."

Hapo wakacheka mpaka Mama Cherehani akajishika ukutani. Mwalimu Mstaafu naye, ana utando wa buibui kwenye nyusi, alicheka kwa sauti ndogo ya kuku.

Mvua ikaongezeka, ikawa ya ubavu, na mlango ulikuwa wazi. Wa kwanza kuingia alikuwa mama mkwe. "Samahanini waheshimiwa," akasema, "mvua haina adabu." Hakungoja jibu. Akampakatisha Mwenyekiti Kidonge. "Nishikie, baba, nifunge mwavuli." Nyuma yake wakaingia wengine, wawili, watano, wote, wakiteremsha watoto, wakifuta viti kwa nguo zao. Stoo ilipojaa bado ilikuwa na nafasi.

"Tuna akidi?" akauliza Mwenyekiti, Kidonge akimvuta kalamu mfukoni.

Katibu akahesabu kwa penseli. "Kumi na mmoja, Mwenyekiti. Wote."

Hoja ilitolewa na nani? Na Mwalimu Mstaafu. Stoo iwe mahali pa kusubiri kila Alhamisi, na siku yoyote Muuguzi atakayohitaji. Viti kumi na viwili virudi ukumbini, ishirini na viwili vibaki kwa akina mama. "Nasisitiza," akasema, "iandikwe nimesisitiza." Mama Cherehani akaunga mkono. Mikono ikapanda. Wa Mwenyekiti ulikuwa umempakata mtoto, basi akanyanyua mkono wa Kidonge.

"Utaratibu," akasema Mwalimu. "Huo si wa mjumbe."

"Toa mkono huo, Katibu," akasema Mwenyekiti. "Bado tumeshinda."

Nilikimbia mvuani kuleta chai. Vikombe havikutosha. Wajumbe walikunywa kwa zamu na akina mama, na hakuna aliyesema ana mgonjwa.

Jumamosi, 27 Aprili

Tumesafisha stoo, mimi, mume wangu na Muuguzi. Mume wangu amepaka bawaba mafuta ya baiskeli, sasa mlango unafunguka bila kunung'unika. Katibu amepita, akasema dirisha la kushoto limebaki alama ya kitambaa. Nikalifuta tena. Nampenda huyu mzee.

Jumatatu, 29 Aprili

Kikohozi kimoja tu leo. Tulikaa kimya wote watatu tukingoja cha pili. Hakikuja.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua kubwa kuliko zote za msimu. Nilichelewa, ukumbi ulikuwa na matope ya watu waliokuja kuulizia maombi yao. Katibu anawapokea mmoja mmoja, anasahihisha tarehe zao. Nilipofika stoo na Kidonge ndani ya mwavuli wa babu yake, viti vyote ishirini na viwili vilikuwa na watu, na wengine wamesimama ukutani, pakavu, wanaongea. Wamekuja hata wa mtaa wa juu, ambao hawajawahi kuja siku ya mvua.

Nikasogea mbele kumsalimia Muuguzi, aliyekuwa ameleta mizani yake humo humo stoo. Mama mmoja nisiyemjua, ana mapacha, akaninyooshea kidole kwa upole.

"Dada, foleni inaanzia kule nyuma. Sote tumekuta watu."

"Samahani," nikasema. "Sikujua."

Nikaenda nyuma. Nilisimama saa nzima na nusu, na sijui kama nimewahi kusimama nikafurahi vile. Bati lilikuwa linapiga kelele, Muuguzi anaita majina hayasikiki, tukawa tunapokezana jina kutoka mdomo hadi mdomo mpaka linamfikia mwenyewe.

La Kidonge likatufikia. Muuguzi alimvua nguo apimwe, akabaki amezishika mkononi kama mtu aliyesahau anachofanya. Wiki zote hizi alikuwa anazikamua kwanza. Akazikunja, akaziweka mezani.

Kilo sita na gramu mia nane.